Tambi za Sosi ya Njugu kwa Ladha ya Kithai: Mwongozo Kamili kwa Jiko la Lamu

Fungua kabati la jiko lolote la Lamu utakuta ukwaju, pilipili, thomu na tangawizi. Nazi haikosi pembeni, ndimu haziko mbali, na njugu, yaani karanga, zinauzwa kila kona ya mji. Hivyo ndivyo vitu vinavyobeba sosi ya njugu ya Kithai. Kinachobaki ni chupa ya sosi ya soya, ambayo hupatikana katika maduka yenye bidhaa nyingi kidogo, na pakiti ya spageti. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba hiki ni chakula cha hoteli za Shela. Ni chakula cha chini ya saa moja, cha siku ambayo samaki amechelewa kufika sokoni, au cha usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, wakati tumbo limeshachoka na vitu vya kukaanga.

Niseme mapema kwamba kazi yote iko kwenye sosi. Wengi huanzia mwisho: wanachemsha tambi, wanamwaga maji, kisha ndipo wanaanza kuhangaika na siagi ya njugu huku tambi zinagandana ndani ya chungio. Tengeneza sosi kwanza, ionje, isahihishe, iweke pembeni. Hapo sasa injika maji ya tambi.

Chakula hiki ni cha wapi hasa

Tusiwasingizie Wathai. Kwao Tailandi, njugu kwenye tambi huonekana zaidi zikiwa zimepondwapondwa na kunyunyizwa juu ya pad thai, yaani tambi za mchele zilizokaangwa kwa ukwaju, sukari ya utomvu wa mnazi na sosi ya samaki. Sosi nzito ya njugu na tui wao huila na satay, mishkaki myembamba ambayo asili yake ni kisiwa cha Java, Indonesia, ikasambaa kote Kusini-Mashariki mwa Asia. Kuichukua sosi ile ya satay, kuirahisisha kwa siagi ya njugu ya mkebe na kuimwagia juu ya tambi ni mtindo uliokuzwa zaidi na majiko ya nyumbani ya nchi za Magharibi. Ndiyo maana nasema ladha ya Kithai, sisemi chakula cha Kithai.

Njugu zenyewe pia ni wageni kote huku. Asili yake ni Amerika Kusini, na pilipili nayo ilitoka Amerika, na Wareno ndio waliochangia sana kuzisambaza Afrika na Asia kuanzia karne ya 16. Ni Wareno hao hao ambao nguzo yao ingalipo ufukweni Malindi.

Kinachonifanya niamini chakula hiki kina makao Pwani ni kitu kingine: anayependa samaki wa kupaka ameshaizoea nusu ya sosi hii. Tui zito, ukwaju, pilipili na thomu tunavyo tayari. Ongeza njugu na soya, punguza bizari, umefika.

Vitu vya kuandaa

Vipimo hivi vinatosha watu wanne wenye njaa ya kweli. Kikombe ninachosema ni cha mililita 250.

- Spageti, pakiti ya gramu 400
- Njugu mbichi zilizobanguliwa, gramu 250. Au siagi ya njugu isiyo na sukari, robo tatu ya kikombe, pamoja na konzi ya njugu zilizokaangwa za kunyunyiza juu
- Tui zito, nusu kikombe
- Sosi ya soya, vijiko vikubwa 4
- Rojo ya ukwaju, vijiko vikubwa 2
- Ndimu 2, na nyingine za mezani
- Sukari guru iliyokunwa, vijiko vikubwa 2
- Thomu punje 3, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, pilipili mbichi moja au mbili
- Karoti 2, kabichi robo, pilipili hoho moja, tango moja, vitunguu vya majani na fungu la dania
- Kamba nusu kilo, au kidari cha kuku gramu 400, au mayai manne
- Mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa viwili au vitatu

Sukari guru naipendelea kuliko sukari nyeupe kwa sababu ina ladha ya ndani inayokaribia ile sukari ya mnazi ya Wathai. Ukiwa huna, sukari ya kawaida itafanya kazi, ila anza na kijiko kimoja na nusu. Asali nayo inafaa, ingawa baadhi ya asali ina harufu kali inayoishinda njugu.

Kuhusu sosi ya soya: hutengenezwa kwa kuchachua maharage ya soya, mara nyingi pamoja na ngano, kwa hiyo anayejali atazame kama chupa ina alama ya halali. Zipo za aina mbili madukani, nyepesi na nyeusi. Nyepesi ndiyo yenye chumvi, na hiyo ndiyo ninayoipimia hapa. Nyeusi ni nzito, tamutamu, na kazi yake kubwa ni rangi. Ukiitumia peke yake utapata sosi ya rangi ya lami isiyokolea chumvi. Ukikosa soya kabisa, tia chumvi kijiko kimoja cha chai, onja, kisha ongeza kidogokidogo. Utapoteza kina fulani cha ladha lakini chakula kitalika. Na ukibahatika kupata sosi ya samaki ya Kithai, vijiko viwili vinatosha kuanzia, maana chumvi yake ni kali kuliko ya soya. Harufu yake chupani isikuvunje moyo, hutulia ikishakutana na ndimu.

Tambi zipi

Tambi nyembamba zile tunazozipika kwa sukari, tui na iliki ziache kwa kazi yake. Ni nyembamba mno. Zikikutana na sosi nzito hii hujikata na kuwa bonge. Spageti ndiyo chaguo langu kwa Lamu: ipo katika kila duka, ina mwili wa kuhimili sosi, na haikuharibikii ukigeuka kidogo kumwangalia mtoto.

Tambi za mchele, zile bapa za upana wa nusu sentimita, ndizo zenye sura ya Kithai. Lamu si rahisi kuzipata. Mwagize anayetoka Mombasa au Malindi akutazamie katika supamaketi. Hizi hazichemshwi kama spageti. Chemsha maji, ondoa sufuria motoni, zitumbukize, funika, na uanze kuzikagua baada ya dakika sita. Zikishalainika lakini bado zinakinza meno kidogo, zichuje na uzisuuze kwa maji baridi, la sivyo zitashikana zote.

Zile tambi za pakiti ndogo za dakika mbili nazo zinakubali, hasa kwa wanafunzi wa kupanga chumba kimoja chenye jiko moja la gesi. Tupa kile kifuko cha viungo, au kiweke kwa siku nyingine. Ukikitia humu utakula chumvi tupu.

Njugu: hapa usiharakishe

Siagi ya njugu ya mkebe inafaa, mradi usome nyuma ya mkebe. Unataka yenye njugu na chumvi, basi. Nyingi zimetiwa sukari na mafuta ya kugandisha ili zisitengane, na sosi yake huwa na utamu wa peremende ambao hakuna ndimu itakayouondoa. Kama ni hiyo tu uliyo nayo, usitie sukari guru hata kidogo mpaka uonje.

Lakini kukaanga na kusaga mwenyewe kunaleta tofauti kubwa, na kazi yake haizidi dakika ishirini na tano. Anza kwa kuchambua. Zimwage kwenye uteo, zitazame chini ya mwanga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotoboka au zenye ukungu zitupe, usimpe kuku wala mbuzi. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, na njugu zilizohifadhiwa vibaya huota kuvu inayotoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hudhuru ini. Moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi sumu hiyo, kwa hiyo usijidanganye kwamba ukikaanga sana itakwisha. Na njugu moja ikikupa uchungu mdomoni, iteme.

Weka kaango kavu juu ya moto mdogo. Mimina njugu na ukoroge bila kuziacha, dakika kumi hadi kumi na tano. Kwenye jiko la makaa punguza makaa kabisa, maana njugu huungua nje zikiwa mbichi ndani. Dalili ya kuiva ni tatu: ngozi inavuka ukizisugua vidoleni, ndani zina rangi ya dhahabu iliyofifia, na harufu imeshafika chumba cha pili. Zitoe kabla hazijafika rangi unayoitaka na uzimwage kwenye sinia, kwa sababu joto lake huendelea kuziivisha. Zikipoa, zisugue kwa viganja na uzipepete ngozi zitoke. Pepetea uani, ndani ya nyumba utafagia mpaka kesho.

Tenga konzi moja ya kuponda juu juu kwa ajili ya kunyunyiza. Zilizobaki saga kwenye blenda, bila maji hata tone. Mwanzo zitakuwa unga, kisha zitajikusanya mabonge na utadhani mashine imeshindwa. Zima, kwangua pembeni kwa kijiko, ipumzishe mashine, endelea. Baada ya dakika kadhaa mafuta ya njugu yenyewe yataachia na utaona rojo laini linalong'aa. Blenda ikiwa dhaifu, kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kitaisaidia. Wenye kinu na mchi nao waendelee: rojo haitakuwa laini kama ya mashine, itakuwa na chengachenga, na mimi hizo chengachenga nazipenda.

Njugu za wachuuzi zilizokaangwa tayari zinafaa pia na zinaokoa muda. Kumbuka tu zina chumvi, kwa hiyo soya ianze vijiko vitatu.

Jambo moja la usalama ambalo wenyeji wengi hatulifikirii: wako watu ambao njugu kidogo tu huwafunga koo na kuhatarisha maisha yao. Ukialika wageni, uliza kabla, na usimpe mtoto mdogo njugu nzima.

Tui na ukwaju

Nazi moja iliyokomaa inatosha na kubaki. Ikune kwenye mbuzi, tia maji ya vuguvugu kidogo sana, kama robo kikombe, ikande vizuri kisha uikamue. Hilo tui la kwanza ndilo unalolitaka. La pili lihifadhi pia. Litachukua nafasi ya maji ukitaka kulegeza sosi. Tui la kopo linafaa kwa anayeishi mbali na minazi, lakini ukiwa Lamu na ukafungua kopo, hilo ni juu yako.

Ukwaju loweka kwa maji ya moto kiasi cha kuufunika, dakika kumi, kisha uvuruge kwa vidole na uuchuje. Rojo iwe nzito. Ukwaju unatofautiana ukali mti kwa mti, ndiyo maana nimesema vijiko viwili tu na ndimu ije kumalizia.

Kuunganisha sosi

Twanga thomu, tangawizi na pilipili pamoja mpaka zisagike. Wako wanaovitia vibichi moja kwa moja kwenye bakuli. Mimi naona thomu mbichi huachia ukali unaokaa mdomoni hadi asubuhi, kwa hiyo navipitisha motoni: kijiko kimoja cha mafuta kwenye sufuria ndogo, moto mdogo, koroga kwa nusu dakika hivi. Visipate rangi. Thomu ikiwa hudhurungi, sosi yote itakuwa chungu.

Mimina tui. Moto ubaki mdogo na uwe unakoroga kuelekea upande mmoja, kama unavyofanya kwa mchuzi wowote wa nazi, maana tui likichemka kwa fujo litakatika. Tia sukari guru iyeyuke, kisha soya, kisha rojo ya ukwaju. Likianza kutokota pembeni tu, epua.

Sasa njugu, na hapa ndipo watu hushtuka. Ukitia siagi ya njugu kwenye kitu cha majimaji, mwanzo itakaza badala ya kulegea. Itakuwa bonge zito, lenye sura mbaya, linalong'ang'ania mwiko. Hujaharibu kitu. Chembe za njugu ndani ya mafuta yake zinanyonya yale maji machache zinayoyapata na kushikana. Dawa ni maji ya moto zaidi, kijiko kimoja baada ya kingine, huku unapiga kwa uma au mchapo. Ghafla utaona inalainika, inang'aa na rangi inafunguka. Huenda ikahitaji nusu kikombe cha maji, huenda robo tatu. Inategemea njugu zako zina mafuta kiasi gani.

Isimamishe ikiwa nyepesi kuliko unavyodhani inafaa, itiririke kwenye kijiko kama uji wa mgonjwa. Sosi ya njugu huzidi kukaza kila dakika inapopoa, na tambi nazo zitainywa. Ikiwa nzito kiasi cha kupendeza ukiwa bado jikoni, mezani itakuwa saruji.

Kamulia ndimu mwisho kabisa, sufuria ikiwa nje ya moto. Ndimu iliyochemshwa hupoteza harufu yake na kuacha uchungu.

Kisha onja, lakini usionje kwa kijiko. Chovya kipande cha kabichi au cha tango, kwa sababu sosi haitaliwa peke yake na tambi zitaifubaza. Unatafuta chumvi, utamu, uchachu na pilipili, kila kimoja kisikike na kisiwepo kinachowafunika wengine. Kwa kuonja hivyo, ikuelekee kuwa kali kidogo kupita kiasi. Mara nyingi kinachokosekana ni uchachu: mtu anaona sosi imepooza, anaongeza soya, inakuwa ya chumvi na bado imepooza. Jaribu nusu ya ndimu kwanza.

Kitoweo na mboga

Kamba ndio wanaoipendeza sosi hii kuliko vyote. Wamenye, watoe ule mshipa mweusi wa mgongoni, wakaushe kwa kitambaa, tia chumvi kidogo na ndimu. Kaango liwe la moto kweli, mafuta kijiko kimoja, na uwatandaze wasipandane. Dakika moja na nusu upande mmoja, moja upande wa pili. Wakishakuwa wa waridi na kujikunja, watoe. Kamba waliopitiliza ni mpira.

Kuku mkate vipande vyembamba kwa kukatiza nyuzi za nyama, mkoleze kwa kijiko cha soya na tangawizi kwa dakika kumi, kisha mkaange kwa moto mkali mpaka aive asibaki na wekundu ndani. Mayai ya kuchemsha, dakika nane, yanatosha siku ya kubana matumizi. Na nikupe siri ya Lamu: pweza aliyebaki jana, aliyekwisha kuchemshwa akalainika, mkate vipande vyembamba na umpitishe kwenye kaango la moto dakika moja tu. Samaki wa minofu laini sikushauri kumchanganya ndani, atavunjika na kupotea. Mkaange kando na umweke juu.

Mboga zikatwe nyuzi nyembamba, urefu wa kidole. Kabichi, karoti na hoho unaweza kuzigeuza kaangoni dakika moja kwa moto mkali au kuzitia mbichi kabisa. Mimi huzitia mbichi, maana tambi na sosi vyote ni laini na mdomo unataka kitu cha kutafuna. Tango litoe mbegu kwanza, lisije likatoa maji ndani ya sosi.

Tambi zenyewe

Maji lita nne kwa pakiti ya gramu 400, yachemke kwa nguvu. Chumvi tia kidogo, na kama maji ya bomba au kisima chako yana munyu, usitie kabisa, kwa kuwa soya itatosha. Vunjavunja spageti ukipenda. Waitaliano wa Malindi watakununia, lakini hawali kwako. Lakini kwenye kuchemsha, wasikilize wao: punguza dakika moja kwenye muda ulioandikwa kwenye pakiti, uzitoe zikiwa bado zina kiini kigumu kidogo. Zitamalizia kuiva ndani ya sosi.

Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja uweke pembeni. Maji hayo yana wanga wa tambi, yanaifanya sosi ishike na isitengane. Usisuuze spageti kwa maji baridi ikiwa utaila ya moto, utaosha ule wanga wenyewe. Ukikusudia kuila ya baridi kama saladi, hapo suuza.

Kuchanganya

Rudisha tambi kwenye sufuria yake, nje ya moto. Mimina theluthi mbili ya sosi na nusu ya kile kikombe cha maji. Inua na kugeuza kwa uma mbili, kutoka chini kwenda juu, mpaka kila uzi uwe umepakwa. Ongeza sosi na maji kadiri unavyoona. Mwisho tupia mboga na kitoweo, geuza mara mbili tatu, basi.

Mimina kwenye sinia. Nyunyiza njugu ulizoziponda, vitunguu vya majani na dania, panga vipande vya ndimu pembeni. Wathai huila satay yao na kachumbari ya tango, vitunguu na pilipili iliyolowekwa kwenye siki na sukari. Itengeneze mapema ikae kando, inaukata ule uzito wa njugu vizuri sana. Waite watu wakae kabla hujachanganya. Baada ya dakika kumi sosi imeshaanza kukaza.

Wazee nyumbani watauliza tambi gani hizi zisizo na sukari wala zabibu. Wape kidogo pamoja na kamba wengi.

Mambo yakienda kombo

Sosi ikitengana, mafuta yakaelea juu, maana yake imepata moto mwingi au maji hayakutosha. Epua, tia kijiko cha maji ya moto, piga kwa nguvu. Hurudi karibu kila mara.

Chumvi ikizidi, usiongeze maji matupu. Tia tui, siagi ya njugu kidogo na ndimu. Utamu ukizidi, ukwaju na pilipili. Pilipili ikizidi, tui na sukari guru, na uongeze kabichi mbichi kwenye sahani. Ukiwa na watoto, tengeneza sosi bila pilipili kabisa, na pilipili yenyewe uipeleke mezani imepondwa na chumvi na ndimu, kila mtu ajitilie.

Kuhifadhi kilichobaki

Rojo ya njugu peke yake, ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, hukaa kwenye friji mwezi mzima bila taabu. Chota kwa kijiko kikavu. Sosi iliyokwisha kutiwa tui ni habari nyingine: ndani ya friji siku mbili, tatu kwa kubahatisha, na nje kwa joto letu haifiki jioni kabla ya kuchacha. Kama unajua utapika tena katikati ya wiki, gawa vitu vya sosi mapema, na nusu moja uitengeneze bila tui. Nusu isiyo na tui itadumu karibu wiki, na siku ya kuitumia unatia tui lililokamuliwa siku hiyo hiyo, ukilipasha kwanza kwa moto mdogo.

Tambi zilizochanganywa zikilala huganda. Usizirushe kwenye kaango la moto zikashika chini. Weka vijiko vitatu vinne vya maji au tui la pili kwenye sufuria, moto mdogo, tambi juu, funika dakika mbili, kisha geuza taratibu. Ndimu mbichi ikamuliwe upya, kwa sababu ile ya jana imeshakufa. Kamba usiwapashe pamoja nazo. Watoe kwanza, uwarudishe mwisho wapate joto tu.